Kabla mchague uwanja wa gofu kisiwani, ulizeni upepo

Mhariri,

Ukurasa wenu wa Jumapili iliyopita ndio umenifanya nishike simu niandike, na mimi si mtu wa kuandikia magazeti, mara ya mwisho nilikuwa nalalamikia takataka za mtaani kwetu na barua hamkuichapisha. Ni ile makala ya kuchagua uwanja wa gofu kisiwani. Picha tatu kubwa, bahari ya samawati, mnazi umeinama, maneno kidogo. Kijana mmoja wa klabu yetu hapa Nakuru ameikata kwa makasi akaibandika kwenye kibanda cha makedi, wale wabeba fimbo, sasa yeye na wenzake wanachanga pesa na kila jioni wanabishana ni picha gani tamu zaidi. Nimeshindwa kunyamaza kwa sababu hivo ndivyo na sisi tulichagua.

Tulikuwa wanne, watatu wa hapa Nakuru na mmoja wa Kisumu, mwalimu mstaafu ambaye ni shemeji yangu. Tulichanga elfu kumi kila mtu kila mwezi kwa miaka miwili na mimi ndiye nilikuwa mweka hazina, kazi ambayo simtakii hata adui. Pesa ilipofika ya kutosha tukakaa chini ya mti pale klabuni tukapitisha picha za viwanja vya Morisi, yaani Mauritius, kwa kidole, moja baada ya nyingine, mpaka tukafika kwa moja ambayo grini, ile nyasi fupi yenye shimo, imechomoza baharini kama sahani. Wote wakasema hiyo hiyo. Hakuna aliyeuliza swali hata moja. Uwanja pekee tuliojadili tukauacha ni ule wa Île aux Cerfs, ambao ulichorwa na Bernhard Langer na uko kwenye kisiwa chake kidogo kando ya Morisi, mashimo kumi na nane na bahari kila ukigeuka, tukauacha kwa sababu huko unafika kwa boti na shemeji yangu, mtu aliyekua akiliona ziwa kila asubuhi, boti hapandi.

Tukaenda Agosti. Uwanja wenyewe sitautaja jina kwa sababu haukuwa na kosa lolote, kosa lilikuwa letu.

Shimo la tatu lilikuwa fupi, mita 125 tu, lakini kutoka tii, pale unapoanzia kupiga, mpaka bendera ni maji matupu. Hapa Nakuru fimbo yangu ya aini namba nane inafika mita 130 bila kujikaza, kwa hivyo nikaitoa nikiwa na imani zangu zote. Suruali inapepea kama bendera ya chifu, mimi sijali. Kulikuwa na kijana wa kuuza vinywaji amesimamisha kigari chake karibu na tii, akaniangalia nikijipanga akainua mkono, vidole vitano wazi. Nikampungia, nikadhani ananisalimia. Mpira wa kwanza ukaingia majini. Wa pili majini. Wa tatu ulikaribia mpaka nikapiga kelele ya furaha, alafu ukasimama hewani kama umeitwa na mtu nyuma, ukashuka wima ndani ya maji. Ndio nikaelewa kijana alikuwa ananiambia nichukue aini namba tano, ambayo inapiga mbali zaidi.

Sasa hii ndio sehemu ambayo makala yenu haikugusa kabisa na kwa mtu wa Nakuru ni kubwa kuliko picha zote. Sisi huku tuko karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari. Hewa yetu ni nyepesi, mpira unateleza, unakwenda mbali kuliko unavyostahili. Ukiteremka mpaka baharini hewa ni nzito na mpira unapoteza kama sehemu moja kwa kumi ya safari yake, bila upepo bado. Kwa hivyo ile aini nane yangu ya mita 130 kule ni ya mita 117 hivi, fanya hesabu mwenyewe na maji yako pale. Watu wengi wanasema ni unyevu wa pwani ndio unashika mpira, mimi pia nilikuwa nasema hivo, lakini hewa yenye unyevu kwa kweli ni nyepesi kidogo kuliko kavu, shida ni kule kushuka kutoka mlimani. Na ushahidi ninao: shemeji wa Kisumu ambako ni kama mita 1,130 alipoteza mipira sita siku hiyo. Mimi kumi na nne. Yeye handikapu yake, ile namba ya kupima uwezo wa mchezaji, ni mbaya kuliko yangu, na tangu siku hiyo hanipumzishi, kila arusi kila matanga lazima aisimulie.

Alafu upepo wenyewe. Morisi inapigwa na upepo wa kusini-mashariki, ndugu ya huu kusi wa pwani yetu, na unakaza zaidi kati ya Juni na Septemba. Yaani sisi tulichagua mwezi ambao una nguvu, na tukachagua upande wa mashariki ambao unaupokea usoni moja kwa moja kutoka baharini. Kama tungeuliza tungeambiwa kuna upande wa magharibi ambao milima inaukinga, huko kuna Tamarina, na kaskazini kule karibu na Grand Baie kuna Mont Choisy, na miezi hiyo pande hizo ni tulivu zaidi kuliko mashariki. Na usiseme basi nitaenda Januari nikwepe upepo, kwa sababu kuanzia Novemba mpaka Aprili ndio msimu wa vimbunga, ingawa si kila mwaka kinakupata. Mimi nikirudi nitaenda Oktoba. Sitarudi, lakini nasema tu.

Kuna jambo lingine la hivi viwanja. Mmoja wetu asili yake ni Mumias, kwenye miwa na kiwanda cha sukari, na siku ya pili tulipopita barabara ya kwenda uwanjani miwa ilikuwa pande zote mbili, imesimama vizuri, akamwambia dereva asimame. Akashuka akashika muwa mmoja akahesabu pingili kwa kidole gumba kama mtu anahesabu pesa. Dereva akatueleza kwamba viwanja vingi vya kisiwa hicho vimekaa juu ya mashamba ya zamani ya miwa. Ulaya ndio ilikuwa inanunua sukari yao kwa bei nzuri ya mkataba, kutoka 2006 bei ikaanza kukatwa mpaka ikapungua asilimia 36, na mkataba wenyewe ukaisha 2009, na wenye mashamba wakazidi kugeuza ardhi kuwa mahoteli, nyumba za kuuza na gofu. Jamaa wetu wa Mumias akarudi kwa gari akasema kwao gofu ilikuja na kiwanda na kwa hawa imekuja miwa ikishuka bei, alafu hakuongea tena mpaka tulipofika.

Naeleza hii kwa sababu inasaidia kuchagua. Pale ambapo kulikuwa na shamba kubwa la miwa mchoraji wa uwanja alikuwa na nafasi ya kujinyoosha. Anahita ambao ulichorwa na Ernie Els uko hivo, feawei, ile njia ya nyasi ya kupigia, ni pana, mtu wa handikapu 22 kama mimi anaweza kupiga vibaya na bado auone mpira wake, ingawa nao uko mashariki kwa hivyo upepo upo. Bel Ombre kusini ni vilevile, ardhi ya miwa, na hapo ndipo mashindano ya Mauritius Open yalianzia 2015. Lakini ukitaka bahari kila shimo basi lazima ukubali njia nyembamba na mikoko pembeni, na mpira ukiingia kwa mikoko una dakika tatu tu za kuutafuta, zile tano za zamani ziliondolewa 2019. Sisi tulikuwa tunatafuta mpaka kaa wanatuzoea. Kundi la nyuma yetu, wazee wawili wa Kifaransa, walikaa chini wakala sandwichi.

Wasiotaka vituko vya bahari kabisa kuna Gymkhana pale Vacoas, klabu kongwe kuliko zote kisiwani, iko juu bara kwenye baridi na mvua, miti mikubwa, ni kama umerudi Kericho. Kwa watu wa kwetu huo ungekuwa wa kwanza, siku ya kuzoea, kabla ya kwenda kujiaibisha ufukweni. Hakuna aliyeuweka kwenye simu yake kama picha.

Ushelisheli sijafika lakini chaguo pale ni jepesi kwa sababu uwanja wa mashimo kumi na nane ni mmoja, Lemuria kisiwani Praslin, na waliocheza wananiambia unaanza tambarare kwa minazi alafu unapandishwa mlima mpaka shimo la 15 ambapo unapiga kutoka juu kabisa ufukwe uko chini yako. Magoti yangu yamekataa. Zanzibar kuna mashimo tisa pale Sea Cliff, na kwa mtu ambaye anaenda na familia na anataka asubuhi moja tu ya gofu hizo tisa zinamtosha sana.

Kitu ambacho kiliniuma kuliko mipira ni kedi. Huko tulipocheza unapewa kigari cha umeme, ni lazima, kiko ndani ya bei, na kedi hakuna. Kigari kina skrini inakuambia mita zimebaki ngapi. Sawa, lakini skrini haiwezi kukuambia kitu kama kedi wangu wa hapa ambaye kila nikiinama kwa grini ananiambia mzee, usiangalie mteremko, mpira wa hapa unaenda ziwani, na kweli unaenda ziwani hata ukiona unapanda. Nilipomwambia nasafiri alikuwa ameniuliza swali moja tu, huko upepo unatoka wapi. Nikamcheka. Mtu hajawahi kupita Salgaa na ndiye pekee aliyeuliza la maana.

Kwa hivyo hao vijana wa kibandani wapige simu kwa uwanja kabla ya kulipa chochote. Waulize mwezi huo upepo uko namna gani na upande gani. Waulize kutoka tii wanazotumia wageni wa kawaida mpira unaruka maji mita ngapi, na kwa jibu watakalopewa waongeze moja kwa kumi ndio walinganishe na mapigo yao ya hapa. Kigari ni lazima au mtu anaweza kutembea. Fimbo za kukodisha ni bei gani, kwa sababu mizigo ya ndege nayo ina mambo yake. Na chanjo ya homa ya manjano, wachome angalau siku kumi kabla, kwa sababu Morisi mtu akitoka Kenya anaulizwa hiyo kadi, mmoja wetu alikuwa ameiacha ndani ya Biblia nyumbani na tuliletewa na bodaboda mpaka kwa stendi ya matatu tukiwa tumeshakaa kwa viti.

Na kabla ya hayo yote kuna jambo linanishangaza na wahariri wenu pia mmelisahau. Mombasa ni kisiwa. Joto lipo, minazi ipo, na klabu ya gofu ipo tangu 1911, mashimo tisa juu ya mwamba pale upande wa Mama Ngina, unapiga mpira huku meli kubwa ya kontena inapita chini yako kuingia Kilindini, karibu mpaka unaona mabaharia wamejiegemeza. Mpira ukienda kulia umeenda baharini sawasawa na ule wa Morisi, na kedi yupo wa kukuambia kusi leo imeamkaje. Sisi tulitumia laki tisa na elfu sitini kwenda kutafuta kitu ambacho kiko mwisho wa reli.

Mwaka huu tunaenda huko, nimeshapanga, matatu mpaka Nairobi alafu treni ya asubuhi. Tuko watatu, wa nne ni shemeji na bado anasitasita kwa sababu amesikia Mombasa kuna feri. Nimemweleza mara mbili kwa simu kwamba ukishuka stesheni ya Miritini unavuka Makupa kwa barabara, feri ni ya watu wa Likoni, klabu iko upande wa huku. Amesema atauliza mtu mwingine.

Mzee wa Handikapu 22,
Nakuru