Vyuo vinafundisha mikono, halafu vinawaacha vijana wetu getini

Mhariri,

Nimesoma gazeti lenu miaka mingi na sijawahi kuwaandikia hata mstari mmoja, lakini ile ripoti yenu ya graduesheni ya vijana wenye mahitaji maalumu imeninyima usingizi, kwa hiyo leo nasema. Mnaikumbuka, ile yenye picha ya mgeni rasmi anakabidhi cherehani na vijana wamevaa majoho mekundu, na chini yake mkaandika kwamba sasa wako tayari kujitegemea. Nani aliwaambia wako tayari? Mkuu wa chuo. Mgeni rasmi. Mfadhili. Kijana hata mmoja hakuulizwa, mzazi hakuulizwa, na hamkumtafuta mwenye duka wala karakana mkamuuliza kama Jumatatu inayofuata atampa mmoja wao kazi.

Mimi ni mama wa kijana mwenye ulemavu wa akili, tunaishi huku Malaba, mpakani na Kenya, upande wetu wa Uganda. Mwanangu naye alivaa joho. Alisoma chuo cha ufundi, jina la chuo naliacha, alijifunza kuoka mikate na keki, na walimu wake walimfundisha vizuri sana, hilo sitalikataa mbele ya mtu yeyote. Anapima unga mwenyewe, anajua chachu ikikaa muda gani, akigusa donge anajua kama bado. Mtihani wa DIT, ile idara ya serikali ya kupima mafunzo ya ufundi, alipita kwa sababu ule ni wa kufanya kazi kwa mikono mbele ya mtu anayekutazama, na kwa mikono kijana wangu yuko sawa na yeyote. Chuo kikamtafutia nafasi kwenye bekari moja Tororo mjini, tukashukuru, tukamwombea.

Sasa sikilizeni kilichotokea. Miaka yote pale chuoni alikuwa analala bwenini, akitoka anatoka kwenye gari la chuo, akirudi likizo namfuata mimi, kwa hiyo alimaliza masomo hajawahi kupanda teksi peke yake hata siku moja. Alipoanza kazi asubuhi nilikuwa namfikisha mimi, jioni anarudi na kondakta mmoja tunayemfahamu ambaye anamngojea sehemu ile ile. Siku moja umeme ukakatika Tororo, meneja akawaambia watu wote nendeni nyumbani, ilikuwa saa sita mchana. Hakuna aliyenipigia simu. Kijana akavua eproni akaenda steji, akakuta mahali pa gari lake pamesimama gari lingine, kondakta anaita Mbale Mbale, yeye akasikia kama Malaba, akaingia akakaa. Mbale jamani! Walipofika huko wakamdai nauli ya Mbale na yeye ana nauli ya Malaba tu, wakamfokea, wakamshikia begi lake, watu wakajaa kumtazama, na yeye akifokewa hawezi kuongea kabisa, anaziba masikio na kuinama. Aliyemwokoa ni mama mmoja anayeuza ndizi pale, Mungu ambariki, alimkalisha chini akampa maji akamwuliza taratibu una namba ya mama, naye akaitaja yote, maana namba yangu anaijua kwa kichwa. Hiyo nilimfundisha mimi jikoni kwangu, chuo hakikumfundisha. Nilimfikia giza limeshaingia. Kesho yake nikampigia meneja wa bekari, akaniambia mama usimlete tena, sitaki matatizo, hapa si shule. Nikapiga simu chuoni, nikiwaza watakuja, watakaa na yule meneja waongee naye, wamweleze. Nikajibiwa: mama, huyo kwetu alishamaliza, na cheti mlichukua. Alishamaliza! Kwa hiyo ile miaka yote, ile ada, yale magodoro na madumu tuliyobebeshwa kila muhula, vilikuwa vya kutufikisha kwenye karatasi, na karatasi ikishatoka mkono wa chuo umeishia hapo.

Mkate mwanangu aliujua, na mkate haukumfukuzisha kazi. Kilichomfukuzisha ni vitu ambavyo hakuna chuo kilichomfundisha: kuuliza kondakta gari hili linakwenda wapi, kufanya nini mipango ikibadilika ghafla, kumwambia bosi sijaelewa rudia, kuhesabu chenji, kumpigia mtu simu kabla mambo hayajaharibika. Hivi vinafundishika. Nimemfundisha vingine mwenyewe na sina diploma ya ualimu ya Chuo Kikuu cha Kyambogo. Lakini vinafundishwa steji na sokoni na kazini, na vyuo vyetu vimejifungia ndani ya ukuta na mlinzi getini, halafu siku ya graduesheni geti linafunguliwa na kijana anaambiwa nenda ukajitegemee. UNEB wenyewe, baraza la mitihani la taifa, wanajua mtoto mwenye mahitaji maalumu anahitaji nafasi zaidi, wanamwongezea dakika 45 kwenye kila karatasi ya mtihani. Akitoka kwenye chumba cha mtihani akaingia bekari, nani anamwongezea hata dakika 5?

Wenzetu hili waliliona zamani. Mwaka 1996 kule Marekani, kwenye hospitali ya watoto ya Cincinnati, nesi aliyekuwa mkuu wa idara ya dharura aliona hospitali inatibu watu wengi wenye ulemavu huu wa kuchelewa kuelewa, lakini kuwaajiri haiwaajiri, na huku idara yake ina kazi ya kila siku ya kujaza rafu na vifaa ambayo haina mtu wa kudumu. Ndipo ukaanza mpango unaoitwa Project SEARCH, na leo uko nchi nyingi. Kijana mwaka wake wa mwisho wa shule anausoma ndani ya sehemu ya kazi yenyewe. Asubuhi darasani kidogo, halafu anaingia idarani, anafanya kazi halisi, baada ya miezi kadhaa anahamia idara nyingine, mpaka inajulikana anaweza nini na hawezi nini. Na kuna mwalimu wa kazini. Huyu ndiye mtu ambaye sisi hatuna. Anakwenda kwanza yeye kujifunza ile kazi, anaikata vipande vidogo vidogo, anamsimamia kijana kipande baada ya kipande, anawaonyesha wafanyakazi wenzake namna ya kuongea naye, halafu anajiondoa pole pole, leo yupo kutwa nzima, mwezi ujao anapita tu kusalimia, mpaka bosi na kijana wanaelewana bila yeye. Uingereza nako vyuo vina mafunzo ya namna hii ya miezi 6 au zaidi, muda mwingi kijana yuko kazini na huyo mwalimu yuko pembeni, na mpango wake wa elimu unaweza kuendelea mpaka afikishe miaka 25. Kama mwanangu angekuwa na mtu kama huyo, siku ile umeme ulipokatika mtu mmoja pale bekari angejua kwamba huyu huwezi kumwambia tu nenda nyumbani.

Na tafadhali asiandike mtu wiki ijayo kwamba hizo ni nchi tajiri. Mwalimu mmoja na nauli ya teksi ni kitu gani? Mimi nimekwenda kwenye hizo graduesheni, nimeona mahema, spika za muziki, keki ya ngazi tatu, fulana zimeandikwa jina la mfadhili mgongoni. Pesa ya siku ile moja ingemlipa mwalimu wa kazini muhula mzima.

Sheria nazo tunazo mpaka zinamwagika. Katiba ya 1995 kifungu cha 35 inasema watu wenye ulemavu wana haki ya kuheshimiwa na serikali ichukue hatua wafikie uwezo wao wote. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu tuliuridhia 2008. Sheria mpya ya Watu wenye Ulemavu ni ya 2020. Bungeni tuna wabunge watano wa kundi hili. Kuna hata sheria ya kodi inayosema mwajiri binafsi akiwa na wafanyakazi wenye ulemavu asilimia 5 anapunguziwa asilimia 2 ya kodi yake ya mapato, na hebu pigeni hesabu, bekari ya watu kumi ikimwajiri mmoja tu imeshavuka hiyo asilimia. Nilimwambia yule meneja habari hii. Alinitazama kama nimebuni mimi. Hakuna mtu wa kodi, wa wilaya wala wa chuo aliyewahi kuingia pale mlangoni kumweleza, na chuo ndicho kilichompelekea mfanyakazi!

Na kwa kuwa nimeshaanza, niseme na hili la pesa, maana kujitegemea bila pesa yako mkononi ni maneno matupu. Ule muda mfupi aliofanya kazi, mshahara wake ulikuja kwenye simu yangu. Sikutaka. Nilimpeleka kwa wakala wa kampuni moja ya simu asajiliwe laini yake, kitambulisho cha taifa anacho, picha ni yake, kidole ni chake, na wakala akamruka kwa macho akaniuliza mimi, huyu anaelewa anachofanya? Muulize mwenyewe yuko mbele yako! Akakataa kumsajili. Tukaenda kwenye ofisi ya serikali ya parishi kuuliza pesa za PDM, ule mpango wa serikali wa kukopesha wananchi kupitia parishi zao, ambazo kila mtu anajua ni milioni 100 kwa kila parishi kwa mwaka na asilimia 10 imetengwa kwa watu wenye ulemavu, tukitaka ile milioni moja ya mkopo anunue oveni ndogo aokee nyumbani. Tukaambiwa alete mtu mwenye akili timamu wa kumsainia. Walisema hivyo mbele yake. Mwanangu anaelewa maneno, Mhariri, anaelewa vizuri sana, na njia nzima mpaka nyumbani hakuongea. Kwa hiyo chuo kinatangaza huyu anajitegemea, na kila meza anayofika inamwambia lete mamako. Mimi nina miaka 58 na presha, hiyo meza nitaisogelea mpaka lini?

Basi naomba yafuatayo, na naomba myaandike kama nilivyoyaweka bila kuyapunguza. Chuo chochote kinachochukua ada ya kijana mwenye mahitaji maalumu kisimpe cheti mpaka awe amekwenda na kurudi kazini kwa teksi peke yake wiki mbili mfululizo, mwalimu akiwa anafuata nyuma kwenye boda bila kuonekana. Awe na laini ya simu kwa jina lake na namba ya siri anayoijua yeye. Mwaka wa mwisho nusu yake iwe kazini, na kwa miezi 6 baada ya graduesheni mwalimu mmoja awe na orodha ya vijana wasiozidi watano, awatembelee kazini, simu yake bosi awe nayo na mzazi awe nayo. Afisa wa maendeleo ya jamii wa sabukaunti awe nayo pia hiyo orodha, na aingie na mwenye duka kwenye ile habari ya kodi mpaka aelewe. Na nyinyi gazetini, mkialikwa kupiga picha, chukueni majina na vijiji vya wale vijana, mrudi baada ya mwaka, mwandike nani ana kazi, nani yuko nyumbani, na cherehani ya nani imeshauzwa kulipa deni la hospitali.

Sisi wazazi kadhaa wa Malaba na Tororo tumeanza kukutana. Tunataka wakuu wa vyuo vya upande huu wakae na sisi kabla muhula haujafunguliwa, waje na ratiba ya mwaka wa mwisho tuione ukurasa kwa ukurasa, na waje pia na yule mtu anayepokea simu ofisini kwao.

Mama wa mwoka mikate,
Malaba, Tororo