Paketi ya maziwa haiozi yote

Bwana Mhariri,

Msomaji wenu aliyeandika kwamba paketi za maziwa na juisi ni karatasi tu, kwa hiyo tuzizike shambani zioze, amenikumbusha aibu yangu mwenyewe.

Mimi ni mama wa pepinyeri hapa Kadutu, nakuza miche ya avoka na marakuja. Sashe nyeusi, vile vifuko vya plastiki vya miche, ni za kununua; paketi za lita moja nazipata bure Jumapili asubuhi nyuma ya ukumbi wa harusi, mvua isiponitangulia. Nakata juu, natoboa pembe za chini, natia udongo na samadi. Inasimama yenyewe, hailali ubavu kama sashe.

Mwaka wa kwanza niliwaambia wateja wapande mche na paketi yake, itaoza. Baadaye mmoja wa mtaa wa Panzi akaniita: mwavoka wake umedumaa, majani ya njano. Tukachimba. Karatasi ilikuwa imekwisha kweli, lakini ngozi ya plastiki na ile inayong'aa ilikuwa nzima, mizizi imejiviringisha ndani kama nyoka kikapuni. Nilimpa mche mwingine bila kudai hata faranga.

Katika paketi ya maziwa yanayokaa miezi bila friji, karatasi ni karibu robo tatu. Iliyobaki ni plastiki na utando wa alumini mwembamba kuliko unywele. Kuvitenganisha ni kazi ya kiwanda: paketi zinakorogwa kwenye maji ndani ya pipa kubwa mpaka karatasi ilegee kama uji na kuachana na utando. Huko India utando huo unashindiliwa kwa joto, wanaezekea nyumba. Sisi paketi tunawashia mbabula, jiko la makaa! Moshi wake unanuka plastiki, na juu yake kuna sombe ya watoto.

Na ile iliyotupwa na kifuniko chake ndiyo mbaya zaidi, maana inaelea kama mtumbwi. Mvua moja tu, imeshuka mto Kawa, imeingia ziwa Kivu, imefuata mto Ruzizi hadi kwenye bwawa la umeme. Halafu umeme ukikatika tunauliza kulikoni.

Ombi langu ni kwa wenye kumbi na mama wa malewa, vibanda vya chakula. Paketi ikiisha, isuuzeni palepale kwa maji kidogo, kabla maziwa hayajachacha, muiweke kwenye gunia lake, mbali na maganda ya ndizi. Mimi sitazimaliza, natumia mia mbili hivi kwa msimu. Zinazobaki zikanyagwe ziwe bapa, zifungwe kamba, na siku ya salongo, ile ya usafi wa pamoja, wakubwa wa mtaa wasiziruhusu kurudi kwenye lundo la taka. Mnunuzi wa kuzipeleka kiwandani hasafiri kwa ajili ya paketi tatu zinazonuka. Kwa magunia makavu anaweza kufikiri.

Zangu tu, tafadhali, msizikanyage.

Mama wa miche,
Kadutu, Bukavu