Barua ya Wazi kwa Wifi Yangu: Mkifika Oman, Shikeni Njia ya Pwani

Wifi yangu mpenzi,

Assalaam aleikum. Swali lako na mumeo, kwamba mkishafika Muscat mpande ndege hadi Salalah, mji wa kusini mwa Oman, au mkodi gari, nimeulizwa na watu wengi tangu mimi na kaka yako turudi, ndiyo maana nakujibu hadharani. Kodini gari na mshike njia ya pwani kuelekea Sur. Wageni wengi huuchukulia mji huo kuwa mahali pa kulala usiku mmoja tu kabla ya kukimbilia jangwani, na kwa maoni yangu huko ni kuupunja, hasa kwa mtu aliyekulia mwambao kama wewe.

Niyamalize kwanza ya barabarani. Huko magari hupita kulia na usukani uko kushoto, kwa hiyo mumeo akitaka kuwasha indiketa atawasha waipa, kama alivyofanya kaka yako siku ya kwanza, jua likiwaka na kioo kikifutwa bila tone la mvua. Kaa macho umkumbushe kwenye mizunguko, kwa maana hapo ndipo mazoea humponza dereva. Lami ni safi, na mwendo wa juu kwenye barabara kuu ni kilomita 120 kwa saa, lakini kamera za kasi ni nyingi na hazina muhali. Muscat hadi Sur ni kama kilomita 200, milima mikavu ikiwa kuliani na bahari kushotoni karibu njia nzima.

Simameni Bimmah, kwenye shimo kubwa ambako mwamba wa chokaa uliporomoka na kuacha ziwa la maji ya kijani, ingawa siku za mapumziko, yaani Ijumaa na Jumamosi, hujaa watu. Wadi Shab, bonde lililo mbele kidogo, inahitaji muda zaidi. Mtaacha gari chini ya daraja la barabara kuu, mtavushwa kwa kiboti kwa riali moja kila mtu, kisha mtatembea karibu saa nzima kati ya kuta za mwamba, mkipita mitende na mifereji ya kumwagilia mashamba, hadi kwenye vidimbwi vya kuogelea. Chukua nguo ya kuogea yenye staha, kwa kuwa wenyeji hufika na familia zao. Na mkisikia habari za mvua milimani, msiingie kabisa, hata kama mbingu juu yenu ni nyeupe, kwa kuwa maji ya mabonde yale hushuka ghafla.

Kabla ya Sur mtapita Qalhat, mji wa kale ulioingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2018. Jengo lililobaki wima ni kaburi la Bibi Maryam, na magofu yenyewe huonekana kwa mbali tu ikiwa uzio umefungwa. Ibn Battuta, msafiri maarufu wa Morocco aliyekuwa amefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, alishuka karibu na Sur akaiona Qalhat ikiwa kama pua na mdomo, akaamua kwenda kwa miguu na kiongozi aliyetaka kumwibia nguo, akafika akiwa na miguu iliyovimba vibaya. Nyinyi mtaumaliza mwendo ule kwa gari kabla hamjamaliza kubishana juu ya chakula cha mchana.

Sasa Sur yenyewe. Majahazi ya hapa ndiyo yaliyoteremka na kaskazi hadi Lamu, Mombasa na Unguja yakiwa na tende na papa mkavu, yakarudi na kusi yakiwa yamesheheni boriti za mikoko kutoka Lamu na Rufiji za kuezekea nyumba za nchi isiyo na miti. Moja la mwisho la aina ya ghanjah, Fath al-Khair, lililoundwa hapo hapo mwaka 1951, liliuzwa Yemen, na watu wa Sur wakalirudisha mwaka 1993. Leo limewekwa nchi kavu, na unaweza kusimama chini ya tezi lake ukaangalia nakshi zake. Karakana ingali inafanya kazi. Tulimkuta fundi akipigilia kalafati, uzi wa pamba uliolowa mafuta, katikati ya mbao mbili za mtiki, akiusukuma kwa patasi butu taratibu, shubiri kwa shubiri, bila kututazama. Jioni, kwenye mishkaki ya kando ya barabara, kaka yako aliniuliza kama nina chenji, na mzee aliyekaa meza ya pili, aliposikia Kiswahili, akageuka: “Nyinyi watu wa wapi?” Alizaliwa Malindi ya Unguja, akaja Oman baada ya Sultani Qaboos kushika nchi mwaka 1970 na kuwaita Waomani wa ng'ambo warudi. Alituuliza bei ya pweza Forodhani kabla ya kutuuliza majina.

Kutoka Sur ni mwendo mfupi hadi Ras al Jinz, wanakotagia kasa uziwa. Wekeni nafasi mapema, kwa sababu usiku huwezi kwenda bila kiongozi, na kupiga picha hakuruhusiwi. Kasa tuliyemwona alikuwa akifukia mayai yake, akirusha mchanga nyuma kwa mapezi ya mbele hadi ukatugonga magotini, kisha akitulia kuvuta pumzi nzito kama ya mtu mgonjwa. Watalii wengine walichoka wakaondoka, nyinyi subirini.

Kuhusu Salalah, ugumu ni majira. Ukungu na kijani vinavyosifiwa huko hupatikana kati ya Juni na Septemba, wakati ambapo Sur ni tanuri, ingawa ndio wakati wa kasa wengi zaidi. Sisi tulichagua majira ya baridi na sijutii, kwa kuwa mchana ulitembeleka. Zungumza na mumeo mchague mwezi, kisha uniandikie. Kaka yako ameshaanza kuchora ramani, na usipomwahi atawapangia hadi mahali pa kujaza mafuta.

Wifi yako