Usilipe kodi ya kila mwezi kwanza

Langoni, Lamu

Kwa shoga yangu mpenzi Mwanaisha,

Assalaam alaykum. Barua yako nimeipata, na nimefurahi kwamba ile Canon ya mkono wa pili imekufikia salama. Mama mpe pole ya mguu, umwambie namuombea dua. Sasa nije kwenye swali lako, maana naona una haraka ya kufungua mkoba: ulipie Lightroom, ile programu ya Adobe ya kuhariri picha, au usilipie?

Mimi nasema usilipe, angalau si mwaka huu. Si programu mbaya. Ni nzuri sana, na mpiga picha anayekula kwa harusi za kila wiki ana haki ya kuitegemea. Lakini hainunuliwi, inakodiwa. Lightroom 6 ya mwaka 2015 ndiyo ya mwisho Adobe waliyoiuza kwa bei ya mara moja. Siku hizi ni karibu dola 12 kwa mwezi, na ukipiga hesabu ya mwaka mzima unapita shilingi 18,000. Ukiacha kulipa, picha zako hubaki kwenye diski, ila sehemu ya kuzihariri hufungwa. Sisi tunaopiga kwa mapenzi, kuna mwezi kamera haitui chini na kuna mwezi haitoki kabatini. Kodi haijui kusi wala kaskazi, hukatwa tu.

Kabla ya programu yoyote, ingia kwenye menyu ya kamera uiambie ihifadhi RAW, yaani faili ghafi yenye yote kamera iliyoyashika. Hapa nakusihi unisikilize. JPEG, ile picha ya kawaida ambayo kamera imekwisha kuipika na kuibana, huipa kila rangi ngazi 256 tu kutoka giza hadi mwanga. RAW ya biti 14 ina ngazi 16,384. Faida yake niliiona kwenye zefe, yale maandamano ya Maulidi. Nilikuwa darini kwa shangazi, jua kali, chini kanzu nyeupe na kuta za chokaa, na pembeni kichochoro cheusi kwa kivuli. Kamera ilihifadhi zote mbili, JPEG na RAW. Kwenye JPEG kanzu zilitoka nyeupe pe, hazina hata mkunjo, na nyuso za watoto zimemezwa na giza. Nikaifungua RAW ya picha ileile, nikashusha mwanga, mikunjo ikarudi. Nikapandisha vivuli pole pole, na kwenye kofia ya viua ya mzee mmoja vikatokeza vitobo vyote, mpaka unaweza kuufuata uzi. Lakini begani pake, pale jua lilipopiga moja kwa moja, weupe ulikuwa umeungua kabisa, na kitu ambacho kamera haikukishika hakuna programu ya bei yoyote itakayokirudisha. Kwa hiyo jua la mchana likiwa kali, piga picha iwe nyeusi kidogo kuliko unavyopenda, kisha uipandishe nyumbani.

Kwa kuanzia, Canon wenyewe wana programu yao ya Digital Photo Professional, ya bure kwa wenye kamera zao. Inafungua RAW ikiwa na rangi zilezile unazoziona kwenye kioo cha kamera, na haina mambo mengi. Kaka yako mwenye Nikon naye mwambie atafute NX Studio, nayo ni bure.

Ukishaizoea, hamia programu ya darktable. Hiyo ndiyo ninayoitumia mimi, na ndiyo ninayoipenda. Imetengenezwa na watu wanaojitolea tangu 2009, hailipiwi, na matoleo mapya hutoka Juni na Desemba. Haigusi faili yako ya asili hata kidogo. Marekebisho yote huyaandika kwenye kifaili kidogo cha pembeni, na siku ukibadili nia unarudi ulikoanzia. Sitakuficha, mara ya kwanza inatisha. Ina vidude vingi kupita kiasi. Usivishike vyote. Shika mwangaza, weupe wa rangi (white balance), na kile kinachoitwa sigmoid kinachopanga giza na mwanga. Hivyo vinatosha muda mrefu. Kwenye laptopu yako itakuwa nzito kidogo, basi funga kivinjari unapofanya kazi.

Kuna jambo lingine, na kwangu mimi hili ni kubwa kuliko pesa. Wewe utaitwa kupiga picha za kupamba, ile sherehe ya bibi harusi, ukumbini wanawake peke yao, watu wamevua mabuibui na wamejipamba. Wamekuamini. Picha zile hazifai kupanda kwenye hifadhi ya mtandaoni bila wewe kujua, na programu nyingine hupandisha zenyewe usipoizima ile sehemu. Darktable haipandishi picha mtandaoni yenyewe. Picha zinakaa ndani ya mashine yako, na bando lako nalo linapona.

Ukitaka kufuta waya wa umeme uliokatiza mbele ya mlango wa nakshi, hapo tumia GIMP. Nayo ni bure, na toleo la 3.0 la Machi 2025 limekuwa bora sana. Affinity, programu nyingine ya kazi hiyo iliyokuwa ikiuzwa, tangu Oktoba 2025 imekuwa bure pia, ila lazima ufungue akaunti ya Canva, kampuni inayoimiliki. Ijaribu ukipenda. Kwa simu, Snapseed inatosha.

Ile Lightroom ya wizi anayokuuzia kijana wa dukani, usiiguse. Mtu hujui ameingiza nini humo ndani, na laptopu hiyo ndiyo unayofanyia kazi za shule.

Zile shilingi 18,000 nunulia diski ya nje. Picha moja ya RAW inaweza kufika megabaiti 25 au 30, na harusi moja tu itakujazia mashine. Hifadhi nakala mbili, moja iwe kwa mama.

Usipakue kitu kwa bando lako. Binamu yangu anakuja Malindi kwa basi Alhamisi, nimempa flashi yenye darktable na GIMP, pamoja na RAW yangu moja ya zefe ujifunzie. Niandikie modeli ya kamera ili nijue kama darktable inaitambua. Flashi nirudishie, ni ya shangazi.

Wasalimie wote nyumbani.

Shoga yako,
Zainabu