Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Vibao vya Kabati Letu

Ndugu wanachama,

Ya fedha mtayasikia kwa mweka hazina. Mikutano ilifanyika yote, ila mmoja ulikosa akidi. Kilichotuchukulia muda mwaka huu ni vibao vya kabati la vimondo.

Karibu kila kibao kilisomeka "Umri: miaka bilioni 4.5". Si uongo, ila huo ni umri wa jiwe, si muda ambao limekaa duniani. Chukueni ALH 84001, kimondo kilichookotwa Antaktika mwaka 1984. Jiwe lenyewe lina miaka zaidi ya bilioni 4, lilirushwa kutoka Mirihi yapata miaka milioni 16 iliyopita, na lilianguka kwenye barafu jana tu: kama miaka 13,000.

Hiyo "jana" hujulikanaje? Jiwe likiwa angani hupigwa na miale ya kosmiki, yaani chembe zenye nguvu zitokazo anga za mbali, na ndani yake huzaliwa kaboni-14, aina ya kaboni isiyodumu: huoza, yaani hugeuka polepole kuwa kitu kingine. Inazaliwa huku inaoza, mpaka kiwango kinatulia. Likishatua, angahewa hulikinga. Kuzaliwa kunakoma, kuoza kunaendelea. Kila miaka 5,730 nusu hutoweka. Ikikutwa robo ya kiwango kile, basi jiwe limekaa nasi miaka 11,460. Kwa vimondo vingi vya jangwani hesabu hiyo inatosha. Vya Antaktika, ambavyo vingine vimelala barafuni miaka laki kadhaa, kaboni huwa imekwisha. Hapo hutumika klorini-36, aina ya klorini inayozaliwa na kuoza vivyo hivyo, ambayo nusu yake huchukua kama miaka 301,000 kuoza.

Adui wa hesabu hii ni kutu. Jiwe likilowa na kukauka mara nyingi hunywa kaboni ya hapa hapa duniani, likaonekana changa kuliko lilivyo. Ndiyo maana maabara hulipasha moto kwanza, gesi ya awali yenye kaboni hiyo ya duniani ikatupwa, ndipo likayeyushwa na kupimwa.

Sasa ubishi. Kamati inaomba kukata kipande kisichofika gramu 1 kwenye jiwe letu kubwa. Mjumbe mmoja alisema ni sawa na kumng'oa mzee jino ili tujue miaka yake. Nilicheka, lakini sikubaliani naye: mzee tungemuuliza. Mawe yaliyoonekana yakianguka hayataguswa, tarehe zake tunazo.

Kura itapigwa leo baada ya chai. Vibao vipya viko tayari, vina mistari miwili: "Umri wa jiwe" na "Muda duniani". Kwenye jiwe kubwa, mstari wa pili uko wazi.

Mwenyekiti