Barua kwa mwanangu: Jumamosi baki Mlimani

Mbagala, Dar es Salaam

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka kwa baba yako, bibi yako na wadogo zako. Sote tu wazima, tunamshukuru Mungu. Nimeamua kukuandikia badala ya kukupigia simu, kwa kuwa jambo hili ukilisikia kwa haraka linaweza kukuumiza: tangu Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, hapo Mlimani, kifunguliwe umekuwa ukirudi nyumbani kila mwisho wa juma, na mimi, ninayefurahi kuliko mtu yeyote kukuona ukiingia mlangoni, nakuomba uache.

Ungepangiwa chuo Mbeya au Mwanza, usingekuwa na hiari, ungezoea huko huko uliko. Kwa kuwa uko jiji moja na sisi, ikifika Ijumaa mchana mawazo yako yote yako Mbagala. Unafika usiku umechoshwa na foleni, Jumamosi unafua na kulala, na Jumapili unarudi hosteli bila kufungua daftari. Uliniambia kwa huzuni kwamba wenzako wameshaunda makundi ya kujisomea na wewe huna kundi. Makundi hayo, mwanangu, yanaundwa siku ambazo wewe haupo. Mwenzako wa chumbani aliyetoka Kigoma hana pa kukimbilia, ndiyo maana ameshawafahamu wa mwaka wa pili na wa tatu, na anajua wa kumwendea somo likimshinda.

Kundi hilo unalihitaji zaidi ya unavyodhani. Shuleni mwalimu aliandika ubaoni, ukanakili, na jambo gumu alilirudia kwa Kiswahili. Sasa mhadhiri anazungumza Kiingereza saa nzima mbele ya ukumbi uliojaa, haiti majina wala hakagui daftari la mtu. Somo la Ijumaa litakuingia Jumamosi, mkiwa watano au sita mezani, kila mmoja akieleza kwa Kiswahili alichoelewa na kusahihishwa na wenzake. Nafasi ipo: ile maktaba mpya iliyofunguliwa mwaka 2018 inachukua wasomaji zaidi ya 2,000 kwa wakati mmoja.

Wala usijipe moyo kwamba utafidia mwishoni kama ulivyofanya kidato cha sita. Hapo chuoni, kwa kawaida alama 40 kati ya 100 za kozi hukusanywa kwenye majaribio na kazi za katikati ya semista, hata kabla hujaingia kwenye chumba cha UE, yaani mtihani wa mwisho wa semista. Anayezembea wiki hizi za mwanzo huingia akiwa ameshapungukiwa, na huko ndiko sapu, ile mitihani ya kurudia, zinakoanzia. Zile alama 11 kati ya 20 za jaribio zilizokuliza si aibu kwangu hata kidogo. Chukua karatasi yako, nenda ofisini kwa mhadhiri saa alizopanga kuonana na wanafunzi, umwombe akuonyeshe ulipopotea. Mwamkie, jitambulishe, uliza. Najua unaogopa, nenda hivyo hivyo.

Kuhusu bumu, yaani pesa yako ya kujikimu, nitasema machache. Likiingia, tenga kwanza pesa ya chakula hadi awamu inayofuata, na usimtumie mdogo wako hela ya viatu. Viatu vyake ni jukumu letu, na hiyo uliyo nayo ni pesa ya mkopo, ambayo ukiajiriwa utakatwa asilimia 15 ya mshahara wako kuirejesha.

Sikufukuzi nyumbani, mwanangu. Ukiumwa, ukifiwa na rafiki, moyo ukizidiwa usiku, piga simu na tutakuja saa hiyo hiyo. Lakini Jumamosi za kawaida kaa na wenzako, hata kama mwanzoni utajiona mgeni, na uje mwisho wa mwezi.

Baba yako atakuletea ndoo na feni Jumatano jioni akitoka kazini. Atakusubiri Mlimani City, kwa hiyo usizime simu.

Akupendaye,
Mama yako