WITCH hawakuwa wachawi, na sisi Mbeya roki tulikuwa nayo

Ndugu Mhariri,

Kama umenizidi umri shikamoo, kama hujanizidi basi habari za kazi. Mimi ni fundi redio hapa Mwanjelwa, miaka zaidi ya thelathini nashika kisu cha risasi, kile cha moto cha kuunganishia nyaya, na kuandikia magazeti sio kawaida yangu, ila safari hii nimeshindwa kunyamaza. Kuna msomaji wenu mmoja wa Dar aliandika barua juzijuzi kwamba roki ni kelele za Wazungu, haijawahi kuwa na mashabiki Tanzania, na ili aonyeshe kwamba ni muziki wa kishetani akatoa mfano wa bendi moja ya Zambia miaka ya sabini "iliyojiita wachawi". Ile barua ilisomwa kwa sauti kijiwe cha kahawa hapa nje ya banda langu na nakwambia asubuhi ile hamna aliyefanya kazi.

Kwanza hilo jina. WITCH kwa Kiingereza ni mchawi kweli, lakini hapa ni herufi tano zinazosimama badala ya We Intend To Cause Havoc, yaani tumedhamiria kuleta vurugu, ndo basi, ni vijana walikuwa wanajitafutia jina la kutisha kidogo kama vijana wote duniani wanavyofanya, hata hapa Mbeya tumewahi kuwa na timu za mtaani zenye majina ya kutisha na zilikuwa zinafungwa saba bila. Zambia walikuwa na ugonjwa wa hizo herufi, kulikuwa na bendi nyingine inaitwa Amanaz nayo ni kifupisho, wale wametoa sahani ya santuri moja tu, Africa, 1975, na mpaka leo watu wanaililia.

Sasa kwa nini mtu wa Mbeya ajue hayo wakati wa Dar hajui? Ramani tu ndugu yangu. Kutoka hapa kwenda Tunduma, mpakani na Zambia, ni karibu kuliko Iringa, Dar ni mbali kabisa. Reli ya TAZARA ilikabidhiwa 1976, kilometa 1,860 kutoka Dar mpaka Kapiri Mposhi, na ukitoka Kapiri unaingia Copperbelt, Ndola, Kitwe, Chingola, huko kwenye shaba. Na hata kabla ya reli watu wa huku, hasa Wanyakyusa, walishazoea kwenda migodini Zambia, mtu anaondoka Tukuyu kijana anarudi na baiskeli, suti, na Kibemba kichwani. Kwa hiyo muziki wa Dar tuliusikia, Patrick Balisidya wa Afro 70 tulimpenda sana, lakini wa Zambia ulikuja na watu tunaowajua majina.

Nyumbani kwetu uliletwa na baba mdogo. Alikuwa kibarua wa TAZARA, alafu akaajiriwa, na kila akirudi Iyunga stesheni sisi watoto tunakimbilia kubeba begi sio kwa adabu bali tunataka kujua kaja na nini. Alikuja na pleya ya santuri ya betri na sahani sita, mbili kati ya hizo zilikuwa za WITCH. Moja ilikuwa ya kwanza kabisa, Introduction, ambayo wajuzi wengi wanaihesabu kuwa ndo albamu ya kwanza ya kibiashara kutolewa Zambia, ya pili ilikuwa Lazy Bones!! ya 1975, na hizo alama mbili za mshangao sijaziweka mimi, ndo jina lenyewe lilivyo. Kwenye ile ya kwanza kuna wimbo unaitwa Like a Chicken, sisi Kiingereza chetu kilikuwa cha darasa la tatu lakini chicken tulikuwa tunaijua, basi tukawa tunamfukuza jogoo wa bibi uwanjani tukiimba hilo neno moja tu mpaka bibi akatoka na mwiko.

Pale kijiweni kuna mzee mmoja alifanya kazi mgodini Kitwe, yeye aliwaona kwa macho. Anasema jukwaani yule mwimbaji alikuwa hatulii, na anasema shoo nyingine zilipigwa mchana kweupe, vijana tukambishia, roki gani inapigwa saa nane mchana kama mkutano wa injili? Kumbe kweli. Zambia ilikuwa inawahifadhi wapigania uhuru wa Rhodesia, yaani Zimbabwe ya leo, vita inavuka mpaka, kukawa na amri za kutotembea usiku na umeme unazimwa, sasa bendi itakula nini, ikabidi wahamie mchana. Mzee akatuangalia wote tuliobisha akaomba kikombe kingine cha kahawa na tukalipa sisi.

Huyo mwimbaji ni Emmanuel Chanda, baadaye akajiita Emanyeo, na jina la jukwaani Jagari. Ukilisema polepole utaona limetoka wapi, Jagari, Jagger, Mick Jagger mwimbaji wa bendi ya Rolling Stones ya Uingereza, wamelipa Uafrika mwishoni kama sisi tulivyoipa blanket tukasema blanketi. Mi hapo ndo ninapompenda huyu jamaa, kitu cha watu akakichukua akakitia irabu kikawa chake! Wengine, kijiwe chetu wanawataja kwa mpangilio kama mtu anavyotaja kikosi cha Tukuyu Stars cha 1986, gitaa la solo Chris "Kims" Mbewe, gitaa la ridhimu John "Music" Muma, besi Gedeon "Giddy King" Mulenga, kinanda Paul "Jones" Mumba, ngoma Boidi Sinkala. Ukikosea mmoja unanunua kashata za watu wote. Mi nimewahi kumsahau Muma mara mbili, na mtu mwenye jina la Music unamsahauje, lakini ndo hivo.

Sasa niongelee gitaa kwa sababu hapo ndo kwenye kazi yangu. Huyo msomaji wenu anasema kelele. Ni kweli lile gitaa la Mbewe linakwaruza, linaunguruma kama lori la mizigo linapanda Igawilo, lakini lile sio bahati mbaya. Mteja akiniletea spika inakoroma anataka niutoe mkoromo, wale walitoa hela yao kuuweka. Iko hivi, transista ukiipa sauti kubwa kuliko inavyoweza kubeba, mawimbi yanakatwa vichwa, lile wimbi lililokuwa mviringo mzuri linakuwa kama limefyekwa na panga juu na chini, na masikio yako yanasikia mkwaruzo. Kwangu mimi hiyo ni hitilafu, naichaji. Wazungu wakaja wakaifungia hiyo hitilafu kwenye kikopo kidogo cha kukanyaga na mguu, Hendrix na wenzake wakakitumia, na vijana wa Copperbelt waliosikia sahani za wafanyakazi wa Kizungu wa migodini wakasema na sisi tunataka. Usikilize alafu usikie na besi na ngoma chini yake zinavyocheza, huko chini hamna Uingereza kabisa, huko chini ni kijijini.

Kuna jambo la Kaunda pia, maana kijiweni liligawa watu. Kaunda mwenyewe alikuwa anapiga gitaa, na alitoa agizo kwamba redioni asilimia 95 ya muziki uwe wa Zambia. Sisi huku Dar 1969 muziki wa soul ulipigwa marufuku kwenye madansi kwamba unaharibu vijana. Ukizitazama haraka utaona ni amri zinazofanana, za nchi ambazo viongozi wake walikuwa marafiki wakubwa, lakini mi naona tofauti, moja ilisema msipige cha watu na nyingine ilisema pigeni chenu, redio ina masaa mengi ya kujaza, basi kila kijana mwenye gitaa akawa na kazi. Wakajaza kwa roki, nadhani mzee Kaunda hakutegemea hiyo! Mwenzangu mmoja muuza vipuri anapinga, anasema sisi tulipata dansi la maana kuliko wao na mimi ni mamluki wa Zambia. Tumeliacha hapo.

Ila nimuulize huyo ndugu wa Dar anayesema Tanzania haijawahi, Sunburst walikuwa watu wa wapi? Bendi ya Dar es Salaam kabisa, ya roki, wakapiga mpaka wakahamia Zambia na albamu yao Ave Africa ikatoka huko mwaka 1976. Huku hatukuwa na kiwanda hata kimoja cha kutoa sahani, bendi zetu zilikuwa zinategemea Nairobi. Mwaka 2016 kampuni moja ya London ikazirudisha sokoni nyimbo zao zote. Kwa hiyo London wanawajua Sunburst, na msomaji wa Dar hawajui, mi ningekuwa yeye ningeanza kuulizia kwa wazee wa mtaani kwangu kabla sijashika kalamu.

Mhariri naomba unisamehe kwa hili la familia lakini bila hili barua haijakamilika. Mwaka 1983 wakati wa msako wa wahujumu uchumi watu walikuwa na hofu, mtu ana mabati matatu anayazika, mwingine anatupa sabuni mtoni. Baba mdogo alikuwa hana kosa lolote, pleya moja na sahani chache, lakini vyote vya kutoka Zambia na risiti hana, akapatwa na woga, akavipandisha darini. Dari la mabati. Vilikaa huko miezi sijui mingapi, joto la mchana na baridi ya Mbeya usiku, tulipovishusha sahani tatu zilikuwa zimejikunja kama chapati iliyosahaulika. Shangazi akasema msitupe, akachemsha maji, akaziloweka na kuzigandamiza juu ya bakuli zikawa vyombo vya maua, maua ya plastiki tena, na vilikaa sebuleni kwake miaka, ukisogea karibu unaiona mistari ya santuri na lebo katikati ikiwa kitako. Introduction ilikuwa moja kati ya hizo. Mpwa wangu amenionyesha kwenye simu, kopi za kwanza za sahani kama zile wakusanyaji wa nje wananunua kwa mamia ya dola. Shangazi ameshafariki, Mungu amrehemu, wala sikuwahi kumlaumu maana vyombo vyenyewe vilikuwa vizuri.

Lazy Bones!! ndo ilipona, ila ilipata mchubuko. Kwenye wimbo wa Strange Dream sindano ikifika mahali fulani inaruka, na mimi nimekua nikijua ule wimbo unaenda hivo, hata nikiuimba peke yangu bandani naruka palepale. Sasa mwaka juzi huyo mpwa akaniwekea wimbo huohuo kutoka intaneti, safi, ikafika pale nikaruka, wimbo haukuruka. Kuna kipande cha gitaa pale katikati nilikuwa sijawahi kukisikia maisha yangu yote, sekunde chache tu, nikaweka kisu cha risasi chini mpaka nikaunguza kitambaa cha meza ya watu. Nikamwambia arudishe. Akarudisha kama mara kumi mpaka bando lake likaisha.

Kuhusu walivyoishia, kijiwe kilikuwa kinajua kidogo na mpwa akatumalizia. Bei ya shaba ilianguka katikati ya miaka ya sabini, hela ikakauka, watu wakahamia disko na kalindula, muziki wa kwao Zambia, na UKIMWI ukaja ukakimaliza kizazi kile cha wanamuziki vibaya sana. Katika ile safu niliyoitaja juu Jagari ndo amebaki. Alikuwa ameacha muziki, akafundisha, akaokoka, akaenda kuchimba vito. Mchimbaji, hebu fikiria, mtu mwenye sauti ile yuko shimoni na sururu. Alafu 2012 kampuni ya Marekani ikazitoa upya zile sahani za miaka ya sabini kwa pamoja, 2019 ikatoka filamu ya maisha yake iliyotengenezwa na Mtaliano, na wakaiunda bendi upya, yeye na mpiga kinanda Patrick Mwondela aliyekuwepo WITCH ya miaka ya themanini, pamoja na vijana wa Kizungu, na 2023 wakatoa albamu mpya inaitwa Zango. Miaka sabini na kitu na anarukaruka jukwaani, mzee wa Kitwe alipoonyeshwa hiyo video alicheka mpaka akatoa miwani akaifuta, akasema "ndiyo yeye huyo, alikuwa hivyohivyo, hatulii".

Ombi langu ni dogo. Muziki wa zamani mnaoandika kila wikiendi msiishie Magomeni na Kinondoni, mtumeni mwandishi mmoja huku kwa basi, aanzie Iyunga aende Vwawa mpaka Tunduma, agonge milango ya wastaafu wa TAZARA na waliofanya kazi migodini, na aende mapema maana hawa wazee wanapungua. Na wasomaji wa Mbeya, Njombe, Makambako na Songwe, mwenye sahani za Zambia darini azishushe, zisimamishwe wima kama vitabu, zisilazwe na zisikae karibu na bati. Pleya yangu inafanya kazi, mkanda wake niliukata kwenye tyubu ya baiskeli. Mtu akija na Introduction isiyojikunja simchaji kitu chochote, nataka niisikie upande wa pili tu, ule ambao shangazi aliugeuza kitako.

Wako,
Fundi Redio,
Mwanjelwa, Mbeya.